Mguu Hauachwi Mlangoni

Siku niliyoingia Kasulu kwa mara ya kwanza naikumbuka kwa chumvi, mwanangu. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia ya chumvi kwenye lori lililotoka Uvinza, midomo imekauka, nywele zimekuwa nyeupe kama za babu yangu, na moyo unadunda kama wa mtu anayekwenda kuoa. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nyuma yangu kulikuwa na basi kutoka Njombe hadi Iringa, basi jingine hadi Dodoma, kisha treni, treni, treni, mpaka nikawa natambua kwa mlio wa magurudumu kwamba stesheni imekaribia. Kila kilima kilichotokea mbele nilisimama kukitazama. Dereva wa lori alinipigia kelele mara mbili nikae chini, nisije nikaanguka akashindwa kumjibu mama yangu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne katika shule iliyofundisha useremala, nikasikia kwamba huko Kibondo wanatakiwa vijana wa kutengeneza madawati ya shule za vijiji vipya. Kibondo sikujua iko upande gani. Hilo ndilo lililonivutia. Kutoka Kasulu nilidandia lori jingine, tukavuka daraja la Malagarasi, tukapanda tena vilima vya migomba na misitu ya miombo, baridi ikinipenya mifupani, nami nikicheka peke yangu kwa furaha. Kijana anayesafiri hajui kuchoka; anayechoka ni mama yake aliyebaki nyumbani.

Nakusimulia haya nikiwa bado sijafika hamsini, na wazee halisi watanicheka wakisikia natoa nasaha. Lakini aliyekanyaga nchi nyingi ana haki ya kuzeeka mapema kidogo. Tena najua kwenu yupo bibi au babu mwenye mkongojo, na wewe ndiye unayempokea mlangoni. Basi sikiliza nilivyompokea wa kwangu.

Pale Kibondo nilipangiwa kulala kwa Mzee Ntabaye. Alikuwa mrefu, mkavu, mchunga ng'ombe wa zamani, na nyonga yake ya kulia ilikuwa mbovu tangu alipoanguka mtini akiwa kijana, akirina asali. Alitembea na fimbo ndefu ya kuchungia iliyomfika kifuani, akiiegemea kama mtu anayengoja ng'ombe wanywe maji. Ng'ombe hakuwa nao tena, ila mkao wa kungoja ulimbakia.

Kama wengine wengi wa miaka ile, alikuwa amehamishiwa kijijini kutoka kwenye shamba lake la zamani. Kule alikaa kwenye msonge, nyumba ya duara yenye nguzo katikati, na nguzo ile mkono wake uliijua hata macho yakiwa yamefumba. Huku alijengewa nyumba ya mstatili, kizingiti kirefu, dirisha dogo, na hakuna kitu cha kushika kati ya kitanda na mlango. Siku ya kwanza nilimwuliza anaionaje nyumba mpya.

"Nzuri," alinijibu. "Nyumba ya pembe nne, Mwana wa Treni, ina pembe nne za kujigongea."

Mwana wa Treni ndilo jina alilonipa. Alisema mtu aliyekuja kutoka mbali kiasi kile hakuzaliwa na mwanamke, alishushwa na behewa.

Mzee aliishi na mjukuu wake mmoja, Zebedayo, kijana wa rika langu. Baba yake Zebedayo alikuwa amefariki, na hapakuwa na ami wala baba mkubwa. Katika ukoo wao, mwanamume wa kusema neno mbele ya wakwe alikuwa mmoja tu, naye ni yule babu mwenye fimbo. Na neno la kusema lilikuwapo. Zebedayo alikuwa amempenda Skolastika, msichana wa Kitanga, upande wa Kasulu, aliyekuja Kibondo kumwuguza shangazi yake. Alimpenda mpaka akawa anapalilia maharage mara mbili palipopaliliwa tayari.

Kwa desturi mchumba haendi kwenye posa yake. Kwa hiyo mzee aliteua majirani wawili watu wazima wa kumsindikiza, kisha akanigeukia mimi. "Wewe utanishika mkono. Na utabeba mfuko. Mdomo wako uache hapa."

Mwanangu, sikulala kwa furaha. Mimi, mtu wa Njombe, kwenda kwenye posa ya Waha. Kwa muda wa wiki nzima niliwauliza mafundi wenzangu adabu za ukweni, na kila walichoniambia nikakishika kama mwanafunzi wa mtihani. Kubwa kuliko yote ilikuwa hii: mwanamume haingii na fimbo nyumbani kwa wakwe. Fimbo huachwa nje, ukutani kando ya mlango. Anayeingia nayo amekuja kwa ugomvi. Nikaiweka akilini, nikajisemea, hili halitanipita.

Halikunipita kweli.

Tulifika Kitanga asubuhi ya pili, jua limewaka baada ya mvua, vilima vya Burundi vikionekana karibu kama vitu vya kushikwa kwa mkono. Wenyeji walikuwa wamejiandaa. Sakafu ilikuwa imekandikwa upya kwa udongo na samadi, na juu yake wametandaza majani mabichi laini, mengi, mpaka kizingitini. Ndiyo heshima ya mgeni kule, akanyage pa kijani. Mbele ya viti, mkeka mpya. Kati ya mkeka na mlango, mtungi wa pombe ya ndizi wenye mirija yake. Wanawake walipiga vigelegele, na mimi nikaona dunia yote imevaa nguo mpya.

Majirani wawili waliweka fimbo zao ukutani wakaingia. Mzee Ntabaye alifika mlangoni akasita. Alikishika kichwa cha fimbo yake, akatazama ndani kwenye giza, akanong'ona, "Polepole kwanza, Mwana wa Treni."

Nilidhani amesahau desturi. Nikaona aibu kwa niaba yake, mzee mzima asije akachekwa. Nikaichukua ile fimbo mkononi mwake, haraka na kwa adabu zote, nikaisimamisha nje pamoja na zile nyingine, nikamtazama baba mkubwa wa Skolastika, aliyekuwa msemaji wa nyumba ile, kama mtu anayengoja kusifiwa. Mzee hakuweza kunikatalia mbele za watu. Alivuka kizingiti mikono mitupu.

Hatua ya kwanza alikanyaga majani. Ya pili akakanyaga ukingo wa mkeka. Ya tatu haikuwapo. Mkono wake ulipapasa hewani ukitafuta ile nguzo ya msonge wa zamani, ukakuta mtungi. Wakaenda chini pamoja, mtungi na mzee, na pombe ikatiririka juu ya majani mabichi mpaka miguuni pa wakwe.

Wenye methali walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia kwamba mara nyingine asiyesikia ni mmoja, na guu ni la mwingine.

Tulimwinua. Mfupa haukuvunjika, Mungu ni mwema, ila kiwiko kilichubuka, kifundo cha mkono kikaanza kuvimba, na nyonga ile mbovu ikawa haitaki kuguswa. Baba mkubwa wa Skolastika alisimama akiutazama mtungi uliopasuka.

"Pombe imemwagika kabla ya neno," alisema. "Hili jambo inabidi tulitafakari kwanza."

Kila mmoja alijua maana yake. Posa imepata dosari. Nilifikiria Zebedayo na maharage yake, nikatamani ardhi inimeze.

Hapo ndipo iliposikika sauti kutoka mlango wa nyuma, ko, ko, ko, mti ukigonga udongo. Akaingia Bibi Anastazia, bibi mzaa baba wa Skolastika, mfupi, mnene, na mkongojo wa kumfika kiunoni uliofungwa kwa kamba kwenye kifundo cha mkono wake. Alimtazama mzee, akautazama mtungi, akatoka mlangoni akatazama ukutani, akarudi akasimama mbele yangu.

"Wewe kijana. Ulichosimamisha pale nje ni nini?"

"Ni fimbo ya Mzee, Bibi."

"Fimbo ni ya kuchungia. Fimbo ni ya kupigia. Yeye hapa amekuja kumchunga nani?"

Nikageuka kuitazama fimbo pale ukutani.

"Ule ni mguu wake," alisema. "Umemvua mtu mguu ukauacha mlangoni. Kwenu watu huvua miguu kama viatu?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikohoza. Bibi hakucheka. Alimgeukia mwanawe. "Na wewe acha kusoma pombe kama mganga. Kilichomwangusha mkweo ni majani yetu, na mkeka wetu, na huyu mtoto wa watu mwenye adabu nyingi kuliko akili. Niliwaambia wake zenu waache njia kavu katikati. Walinisikia?"

"Mama, watu watasema."

"Watu waseme maharage yakivunwa. Wakati huo Mzee Ntabaye atarudi hapa kwa miguu yake, habebwi wala hashikwi. Ataingia mlango huuhuu, atakaa, atakunywa. Akikaa salama, tutajua pombe ilimwagika kwa utelezi tu. Akishindwa, basi sema hayo yako."

"Ego," baba mkubwa alikubali, ndiyo hiyo, kwa Kiha. Hapo nikaelewa kwamba ndoa ya rafiki yangu imetundikwa kwenye nyonga ya mzee, na nyonga ile nimeiharibu mimi.

Bibi alinivuta kwa mkongojo wake, mwanangu, kama anavyovutwa mbuzi, akanipeleka kwenye nyumba yake ndogo nyuma ya jiko. "Tazama," alisema, "usiulize." Nikatazama. Majani yalikuwapo, ila pembeni tu, kandokando ya ukuta. Kutoka kitandani hadi mlangoni udongo ulikuwa mtupu na mkavu. Mkeka ulikuwa umekunjwa. Hapakuwa na jembe wala chungu njiani, na kuku alipochungulia alifukuzwa kwa neno moja. Kigoda chake kilikuwa kirefu kuliko vigoda vyote nilivyoona kule. Alikikalia na kuinuka bila kuomba mkono. Kizingiti kilipakwa udongo mweupe, kikang'aa hata kwenye giza. Kutoka mlangoni kwenda chooni palikuwa na kamba nene ya katani iliyofungwa mti kwa mti.

"Nimeanguka mara ngapi mpaka nikajua haya?" aliniuliza.

"Sijui, Bibi."

"Mara ya kwanza ingetosha, kama ningekuwa na mtu wa kuniambia. Sasa wewe umeambiwa."

Siku ya tatu tuliondoka Kitanga, mzee amelazwa juu ya majani ya migomba kwenye lori. Zebedayo alitupokea, akasikiliza habari yote, asinilaumu hata kwa neno. Alinishika bega tu. Lawama ningeibeba. Mkono ule begani ulinilemea zaidi.

Tabibu wa zahanati aliikunja na kuikunjua nyonga ya mzee, akasema hakuna kilichovunjika, baada ya wiki mbili aanze kutembea kidogokidogo. Wiki mbili zikaisha. Mzee hakuinuka. Tulimletea chakula kitandani, na kila tulipomwambia asimame alitafuta sababu. Mara kuna baridi. Mara amechoka. Siku moja, peke yetu, aliniambia ukweli.

"Nyonga haiumi tena. Ninaogopa. Nikisimama naona sakafu inanijia usoni."

Ndipo nilipojua kwamba anguko lina makali mawili. La kwanza huumiza mwili. La pili humwambia mtu akae, na akikaa miguu hunyong'onyea, na ikinyong'onyea anguko jingine limeshaalikwa. Mzee aliyeogopa kuanguka yuko njiani kuanguka.

Maharage yalikuwa yameshaanza kutoa maua. Nikaingia kazini, mwanangu, kwa namna ambayo sijapata kufanya kazi tena. Mchana nilitengeneza madawati, jioni kabla jua halijazama nilikuwa kwenye nyumba ya mzee na randa, nyundo na misumari, nikipiga mluzi. Nilikata kizingiti mpaka kikabaki kimo cha vidole viwili, Zebedayo akakipaka udongo mweupe. Nilipanua dirisha, mwanga ukaingia, na mzee akaona kwa mara ya kwanza rangi ya blanketi lake. Nilipigilia mti wa mninga ukutani, uliolainishwa vizuri, kimo cha kiuno, kuanzia kitandani hadi mlangoni, kisha nje kwa nguzo fupifupi hadi chooni. Mikeka tulikunja. Majembe tukayapa pembe yake. Siku ya kukandika sakafu tulimhamishia mzee kwa jirani mpaka ikauke kabisa.

"Mnanijengea zizi," alisema kutoka kitandani.

"Ndiyo, Mzee. Na ng'ombe ni wewe."

"Basi ng'ombe wako anataka kunywa maji. Nisaidie nikae."

Alikaa kwanza, miguu ikagusa chini, akapumua, akangoja kizunguzungu kipite. Halafu akanyoosha mkono, akaukuta ule mti ukutani. Niliona uso wake ukibadilika. Vidole vyake viliukumbatia kama vimekutana na nguzo ya msonge baada ya miaka. Akasimama. Zebedayo alikimbia nje akazunguka nyumba mara mbili, akarudi akijifanya alikuwa anafukuza mbuzi.

Sikukosa kukosea tena. Nilimchongea mkongojo wa mninga, kichwa kimepinda vizuri, nikauleta kwa fahari. Tabibu alipopita aliutazama akaniuliza nimeupimia nani. Nikakiri nilijipimia mwenyewe. Alimsimamisha mzee na viatu vyake vya tairi, mikono ikining'inia, akatia alama kwenye mkongojo usawa wa kifundo cha mkono, pale pa kuvalia saa. "Kata hapa," alisema. "Mrefu humsukuma nyuma, mfupi humwinamisha." Kisha akauhamisha kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

Mzee alikataa. "Mguu mbovu ni wa kulia. Nishike kushoto kwa nini?"

"Mzee, ukibeba ndoo nzito na rafiki yako, mnasimama upande mmoja?"

Mzee alifikiri. "Hapana. Mmoja huku, mmoja kule."

"Basi mkongojo ni rafiki. Mpe upande wake."

Na akamfundisha ngazi na vizingiti: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mkongojo na mguu mbovu hutangulia. Mzee akayageuza mafunzo hayo kuwa wimbo wa kuchungia, akawa anauimba uani akipanda na kushuka kwenye ubao niliomwekea, watoto wa jirani wakimwitikia. Mimi nilikata kipande cha tairi kuukuu, nikakigongomelea kwenye ncha ya mkongojo usiteleze, na kila Jumamosi nikakikagua kama kimelika. Juu nikafunga kitanzi cha ngozi, ili mzee akikaa autundike karibu na mkono, usianguke ukamlazimu kuinama.

Maharage yalivunwa. Usiku mmoja kabla ya safari niliona mzee ameitoa ile fimbo yake ndefu ya zamani, anaipaka mafuta.

"Mzee, hiyo si ya kutembelea tena."

"Nani amesema natembelea? Nakwenda na zote mbili."

"Mbili za nini?"

"Lala, Mwana wa Treni. Mara iliyopita ulijua kila kitu."

Tulifika Kitanga. Wanawake walisimama bila vigelegele, wakingoja. Baba mkubwa wa Skolastika alikuwa kitini ndani, mikono magotini. Skolastika mwenyewe nilimwona kwa mbali kwenye kona ya jiko, ameshika kata ya maji ambayo ilikuwa inamwagika bila yeye kujua. Mzee Ntabaye alitembea kutoka barabarani hadi uani, mkongojo mkono wa kushoto, fimbo ndefu ameiweka begani. Alipofika mlangoni alisimama. Akaishusha fimbo, akaitazama, akanipa mimi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi.

"Weka ukutani," alisema kwa sauti ya kusikika na wote.

Nikaiweka. Halafu akautanguliza mguu wake mzima juu ya kizingiti.

"Mkwe wangu," baba mkubwa alisema kutoka ndani, "umebakiza moja mkononi."

Mzee alisimama katikati ya mlango, nusu nje, nusu ndani. "Ile ni fimbo, nimeiacha kwa heshima yako. Huu ni mguu. Nikiuacha mguu nje, mkwe, utapokea mzee nusu."

Kisha ko, ko, ko, kutoka kwenye giza, Bibi Anastazia alikuwa anagonga sakafu kwa mkongojo wake, kicheko kimembana mpaka machozi yanamtoka. "Mpisheni apite," alisema. "Mzee mzima huyo, na miguu mitatu."

Nilichungulia. Majani yalikuwapo, mengi na mabichi kama siku ile, lakini katikati walikuwa wameacha njia kavu ya udongo, pana kiasi cha watu wawili, kuanzia mlangoni hadi kwenye kiti. Kiti kilikuwa kirefu. Mtungi ulikuwa mbali, pembeni. Mzee alienda hatua kwa hatua, akageuka, akagusa kiti kwa nyuma ya mapaja kabla hajakaa, akakaa. Akautundika mkongojo kwenye egemeo. Akaomba mrija. Mwenda pole hajikwai, wamesema wahenga, nami nikaongeza kimoyomoyo: hasa akisafishiwa njia.

Vigelegele vilivyopigwa hapo, mwanangu, nadhani ng'ambo ya mpaka walivisikia. Mimi nililia hadharani bila aibu yoyote, fundi wa madawati, mtu wa Njombe, nimekumbatia ukuta wenye fimbo.

Skolastika aliletwa Kibondo mavuno yalipokwisha kuuzwa, juu ya lori lililofungwa matawi ya migomba. Mzee Ntabaye alimpokea akiwa amesimama mlangoni pake. Kabla ya kumwonyesha jiko alimwonyesha ule mti wa ukutani na njia kavu, akamwambia, "Ukitandika, tandika pembeni." Skolastika akasema bibi yake alishamwambia hayo kabla ya kumwambia habari za mume.

Basi haya ndiyo ninayotaka uondoke nayo. Mwenye mkongojo hauachi, si ukweni, si kanisani, si msikitini, si mbele ya mkubwa yeyote. Kama desturi inadai kitu kiachwe mlangoni, tafuta kingine cha kuacha. Usimpokonye mzee mkongojo kwa heshima, wala usiuhamishe alipouweka kwa sababu unapendezesha nyumba. Akikuambia polepole kwanza, simama; yeye ndiye anayeijua miguu yake. Usimwite mara mbilimbili kutoka uani, maana atakimbia ili asikuudhi. Leo nyumba nyingi zina saruji, na saruji iliyomwagikiwa maji ina huruma ndogo kuliko majani mabichi, basi futa. Zulia lisilolala sawasawa kunja. Vitu vya watoto ondoa njiani. Taa iwe karibu na kitanda, na njia ya chooni iwe na cha kushika. Kagua mpira wa ncha, ukilika badilisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ni ukuta wa nyonga, haujengeki. Na kama ameshaanguka mara moja, usimfungie kitandani kwa mapenzi. Msafishie njia, kisha mwache atembee.

Nami niliondoka siku ya pili baada ya ile harusi. Madawati yalikuwa yamekwisha, na barabara ya kwenda Nyakanazi ilikuwa imeniita kwa wiki nzima; nimeumbwa hivyo, sikai. Mzee alinisindikiza mpaka barabarani, kutoka kitandani pake hadi kwenye lori, bila kushikwa. Lori lilipowashwa alinipa ile fimbo ndefu ya kuchungia, imepakwa mafuta.

"Mimi mguu ninao," alisema. "Hii chukua wewe. Kila nyumba utakayoingia, iache mlangoni."

Niliahidi kurudi. Sikurudi, mwanangu, na mavumbi yale ya lori ndiyo yaliyonificha nisimwone mara ya mwisho akigeuka kupanda uani. Ila niliisikia sauti yake ikiimba, mzima kwanza, mzima kwanza, mpaka injini ikaimeza. Fimbo ninayo mpaka leo, ipo ukutani kando ya mlango wangu, na siku hizi goti langu la kushoto limeanza kuongea asubuhi.

Alinibariki kwa maneno haya, nami nakupa wewe kama nilivyopewa: Mungu akupe njia kavu mbele yako, mwanga pembeni yako, kitu cha kushika mkono unapokinyoosha, na mtu mlangoni ajuaye tofauti ya fimbo na mguu.